Majirani walituzikia baba mkwe. Tuwashukuruje?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga, Ngamiani, kwenye nyumba ya familia ya mume wangu. Kwetu ni Rombo. Mume wangu ni Mnyamwezi, ila kazaliwa hapahapa Tanga, na Tabora kaenda mara chache tu kusalimia. Babu yake ndiye aliyekuja zamani kukata mkonge, akabaki. Sisi ni Wakatoliki. Majirani zetu karibu wote ni Waislamu: Wadigo, Wasambaa, Wazigua, na nyumba moja ya Wamakonde ambao nao wazee wao waliletwa na mkonge.

Mwaka huu tulifiwa na baba mkwe. Alikata roho usiku, hospitalini, baada ya kuugua muda mrefu. Tuliporudi nyumbani kutoka mochwari, kabla hata hatujapiga simu kwa ndugu wote, turubai limeshafungwa. Mpaka leo sijui nani alililipia. Viti vimepangwa, majamvi yametandikwa barazani, uani meko yanawaka, na mama mmoja keshakalia mbuzi anakuna nazi. Jikoni kwangu nilimkuta mama mwingine, ambaye namfahamu kwa sura tu, anaosha vyombo nilivyoviacha jana yake. Nikataka kumpokea, akaniambia, "Mfiwa haoshi vyombo. Toka hapa, kakae na mkweo."

Vijana wa mtaa walichimba kaburi bila kuitwa. Mtu wa kwanza kufika makaburini na jembe, alfajiri, alikuwa mzee mmoja wa Kizigua, jirani yetu wa nyumba ya pili, na ndiye aliyewasimamia vijana wale mpaka kazi ikaisha. Siku ya kuzika, wanaume wenye kanzu na kofia walipokezana jeneza kutoka ndani hadi kwenye gari. Kanisani wengine waliingia wakakaa viti vya nyuma, wengine walisubiri nje chini ya mwarobaini. Makaburini padri alipokuwa anasoma walisimama kando, kimya. Alipofunga kitabu wakashika machepe kabla ya ndugu zetu waliotoka Dar es Salaam. Siku zote za matanga hatukuwasha moto wetu sisi wenyewe. Chai ya asubuhi, wali wa mchana, mpaka maji ya kuoga ya mama mkwe, vyote walishughulika wao.

Sasa arobaini imepita na tunataka kuwashukuru, ila hatuelewani. Shemeji yangu, mkubwa wa mume wangu, anaishi Dar na ana uwezo. Anataka tukodi ukumbi, tuchapishe kadi, tuite kampuni ya chakula na MC, na mjumbe pamoja na akina mama watatu waliojitoa zaidi wapewe vyeti vya shukrani vyenye fremu. Amepiga hesabu ya milioni mbili na nusu. Mume wangu anasema tulishatoa shukrani makaburini na inatosha, kwamba mtaani kwetu hakuna anayedai asante. Mimi ningependa kitu cha hapa nyumbani, lakini naogopa suala la chakula, na nitakuambia kwa nini.

Krismasi iliyopita nilipika pilau la nyama, nikapakua kwenye sahani, nikafunika kwa kawa, nikawapelekea majirani watatu. Mmoja wao alipokea vizuri kabisa, akanishukuru, akaniombea dua. Jioni natoka dukani nikaliona pilau langu, na bakuli langu la kachumbari pembeni, mbele ya fundi baiskeli wa pale kona, ambaye ni Mkristo mwenzangu, anakula na kijana wake. Sahani ilirudi kesho yake na visheti juu. Sikusema kitu, lakini iliniuma. Je, nikiwapikia watu hamsini wakaacha chakula kwenye sahani, aibu hiyo nitaiweka wapi?

Jambo la mwisho ni huyo mzee wa Kizigua. Siku ya msiba alivaa koti la marehemu nje ndani, akachukua bakora yake, akawa anatembea kwa kuchechemea kama marehemu, anakohoa kama yeye, anauliza, "Nani kaniuzia dawa feki?" Watu wakacheka, na mwili bado umo ndani! Jeneza lilipotaka kutoka akajilaza mlangoni, akagoma kunyanyuka mpaka mume wangu alipotoa elfu tano. Halafu akamnyang'anya mama yangu mzazi, aliyetoka Rombo kuja kutuhani, kitenge alichojifunga, akasema hakitoki bila elfu mbili. Mama alilia. Amesema hakanyagi tena Tanga mpaka mzee yule aombe radhi. Mume wangu anacheka tu, anasema ni utani. Tangu siku ile mimi na mzee huyo ni salamu ya mbali.

Mimi ni mwajiriwa, natoka asubuhi na mapema narudi jua limezama. Mchango wangu wa kikundi cha kufa na kuzikana namtuma dada wa kazi aupeleke, na sijawahi kuchelewesha. Sipendi kudaiwa. Naomba unishauri tufanye nini ili tuwashukuru watu hawa bila kumkwaza mtu wa dini nyingine au kabila lingine.

Mkwe wa Wanyamwezi, Ngamiani

*

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Nitaanza na mzee wa Kizigua ingawa wewe umemweka mwisho, kwa sababu nikimwacha yeye hayo mengine hayataeleweka. Umeniandikia kwamba mtu wa kwanza kufika makaburini na jembe alikuwa yeye. Aya chache baadaye umeniandikia kwamba mtu aliyewachekesha watu mwili ukiwa ndani alikuwa yeye. Umevieleza kama visa viwili, kana kwamba asubuhi alikuwa muungwana na mchana akaharibikiwa. Mwanangu, alikuwa kwenye zamu ileile moja.

Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara. Karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na mizigo ya pembe mabegani, safari ya miezi, na kabla ya kuiona bahari walipita kwenye nchi za Wazigua na wenzao wa pwani. Wapagazi waliugua njiani, wengine wakafa, na ndugu zao wako Unyamwezi hawana habari. Wazee wanasimulia kuwa hapo ndipo watu walipowekeana ada: ukifia kwangu nitakuzika, nikifia kwako utanizika. Na anayekufanyia kazi hiyo ana haki zake. Atachukua kuku wako asiulizwe. Atakutukana usikasirike. Siku ya kilio chako ataigiza maiti wako mbele ya watoto wake, na mtampa hela ili anyamaze.

Ukikaa ukafikiri utaona ada hii ina akili. Mfiwa hawezi kulia na kuchimba kwa wakati mmoja. Anatakiwa mtu wa karibu vya kutosha kuingia mpaka chumba cha maiti, lakini ambaye machozi hayamzuii kushika jembe. Mtani ndiye mtu huyo. Lile koti alilolivaa nje ndani, kile kikohozi, ile dawa feki, vyote vilikuwa vya mkweo kweli, sivyo? Mtu hawezi kukuigiza hivyo bila kuwa amekutazama miaka mingi. Nadhani katika ukoo wenu wote uliokuwa pale, ni wachache wangeweza kuutembea mwendo wa marehemu kama alivyoutembea yeye.

Sasa kuhusu mama yako. Hapo mzee alikosea, na usikubali mumeo akufunike kwa kicheko. Mama yako si Mnyamwezi. Ni Mchaga, na watani wa Wachaga ni Wapare. Mpare angekuja msibani kwenu Rombo akadondosha sarafu karibu na jeneza ili kuhakikisha kama Mchaga kafa kweli, mama yako angecheka na machozi yakimtoka, kisha angemuuliza Mpare yule kama ile kesi ya jogoo aliyoiuzia ng'ombe imeshafika mahakama ya rufaa. Yeye mchezo anaujua. Aliyecheza naye ndiye hakuwa wake. Mkwe wa mtani kuingizwa kwenye utani hutokea, tena sana, lakini mgeni aliyeshuka kwenye basi na msiba moyoni aulizwe kwanza kabla ya kuvuliwa kitenge.

Ila kudai radhi rasmi, mkae kikao, mzee wa watu ainamishe kichwa, hapana. Utani una mahakama yake. Mumeo aende kwa mzee huyo jioni, watu wakiwa barazani, na madai: "Ulikula elfu tano zangu za mlangoni na elfu mbili za mama mkwe wangu, nimekuja kukamata jogoo." Akamate kweli. Halafu jogoo huyo, au kitenge kipya kama mzee anajua mambo, afikishwe kwa mama yako na maneno ya mzee mwenyewe kwamba hakujua, alidhani ni Mnyamwezi kwa jinsi alivyokuwa analia kwa sauti. Mama yako atarudi Tanga. Na wewe, kabla ya yote hayo, kesho asubuhi mpe mzee huyo shikamoo ya karibu.

Nije kwenye shukrani. Mumeo ana hoja anaposema mtaani kwenu hakuna anayedai asante. Tanga mmezoea kuisema kwa fahari, waja leo waondoka leo, lakini waliokuja wasiondoke ndio waliojaza hiyo mitaa yenu ya namba. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kufikia miaka ya 1960 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ya kwanza duniani. Wenyeji wa Tanga walikuwa na mashamba yao na minazi yao, hawakuwa na haraka ya kwenda kuchomwa na miiba kwa ujira ule. Kwa hiyo wenye mashamba walitafuta watu mbali: Tabora, Kigoma, Songea, Njombe, Burundi, Msumbiji. Miaka ya 1940 wakafungua mpaka ofisi yao ya kuajiri, Silabu, ikawasomba watu kwa treni na malori. Manamba, ndivyo walivyoitwa, na ndivyo babu wa mumeo alivyofika.

Manamba akifa kambini hakuwa na mjomba wala binamu wa kuosha mwili. Alizikwa na waliolala chumba cha jirani, wa kabila hili na lile, kwa lugha waliyokuwa wanaijua nusu. Muulize mumeo babu yake alizikwa na nani. Sidhani kama atakutajia majina ya Kinyamwezi peke yake. Kwa maana hiyo wale wanaume wenye kofia waliobeba jeneza la mkweo hawakuwa wanaanza kitu kipya. Baba zao walifanya hivyo kwa babu, na mkweo naye, nina hakika, mabega yake yalibeba majeneza na machela ya mtaani hapo kabla miguu haijamkataa.

Ndiyo maana wazo la shemeji yako halinikai. Nia yake ni njema na hela ni zake, sina ugomvi naye. Lakini fikiria huo ukumbi. Ukumbi una mlango, na mlango una kadi. Kadi atapewa mjumbe, atapewa shehe wa msikiti, atapewa yule mama wa nazi. Je, yule kijana aliyechimba kaburi ambaye hata jina lake hamlijui atapewa? Mwenye turubai ambaye mpaka leo hujui ni nani, mtamwandikia kadi kwa jina gani? Halafu hao akina mama watavaa vizuri, watapanda bajaji, watakaa kwenye viti vyenye vitambaa, watapakuliwa chakula na vijana wa kampuni, watasikiliza MC akitaja jina la shemeji yako mara kadhaa, kisha watarudi nyumbani. Waliokuwa wenyeji jikoni kwako wakati wa shida watakuwa wageni wa kadi wakati wa raha.

Hivyo vyeti ndiyo usiniguse kabisa! Cheti kwa wanawake watatu kati ya wote walioingia uani kwako ni kuwasha moto wa maneno ambao utazimika wajukuu wako wakiwa wakubwa. Nani alipima kwamba aliyepika amejitoa kuliko aliyechota maji ya kumwogesha mama mkwe wako?

Kama hela ipo na inataka kutoka, itoke kwa namna hii. Kikundi chenu cha kufa na kuzikana kina vyombo, na vyombo huchakaa. Shemeji aulizie, kimyakimya, kinakosa nini: sufuria kubwa, majamvi, viti vya plastiki, turubai la pili kwa siku ambayo misiba imegongana. Anunue, akabidhi kwa viongozi wa kikundi, basi. Na tafadhali asiandike jina la marehemu kwa rangi nyekundu kwenye kila kiti.

Shukrani yenyewe ianze kwa miguu. Mama mkwe wako, akishatoka eda kama ameamua kuishika kama wafanyavyo majirani zake, au mwanamke mwingine mkubwa wa ukoo, aongozane nawe nyumba kwa nyumba. Hamuendi na kitu. Mnaingia, mnakaa, mnasema, "Tumekuja kuwaambia tumeona." Mtanyweshwa chai kila nyumba, kunyweni. Ndipo mtakapojua turubai lilikuwa la nani. Pale mtakapofika kwa yule mama aliyekuwa anaosha vyombo vyako, muulize jina lake na la mwanawe wa kwanza ili ujue kumwita mama nani. Anajua chombo chako kipi kina ufa na wewe hujui anaitwaje.

Baada ya hapo, ndiyo, pikeni nyumbani. Hofu yako ya chakula ina sababu, na haitatuliwi kwa kusomeana vitabu. Najua kuna watakaokutajia Suratul Maida, aya ya 5, kwamba chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwa Waislamu. Aya ipo. Lakini jirani yako ana desturi aliyokulia nayo na shehe anayemsikiliza, na sahani si mahali pa kumshinda mtu kwa hoja. Nchi hii imeshaona suala la nani achinje likifika pabaya: mwaka 2013 kule Buseresere, mkoani Geita, mabishano hayo yalimuua mchungaji. Na hayo yalitokea kwenye nchi ambayo kwa miaka mingi Wakristo wenye shughuli wamekuwa wakimaliza jambo hili kwa sentensi moja tu: "Jirani, njoo unichinjie."

Fanya hivyohivyo. Mbuzi anunuliwe mzima, aletwe uani, na achinje Mwislamu anayeaminika mtaani, watu wakiona. Kisha kuna sufuria. Hili watu wengi hulisahau. Mtu anaweza kuwa na uhakika na nyama lakini asiwe na uhakika na chombo, hasa akijua kwamba mwenye nyumba ni Mkatoliki wa Rombo na kwamba kitimoto huenda kimewahi kupita humo. Usingoje aulize, maana hataulizia, atakushukuru na kukuombea dua kama yule wa Krismasi. Pika kwenye masufuria ya kikundi. Na usiwapikie, pikeni wote. Wewe toa mchele, nyama, nazi na kuni, halafu waite walewale waje washike mwiko, na wewe safari hii ukae kwenye mbuzi ya nazi. Utakuna vibaya, watakucheka, mmoja atakunyang'anya mbuzi na kukupa kitunguu umenye. Hapo chakula kitakuwa cha mtaa mzima na hakuna atakayeacha kitu kwenye sahani isipokuwa aliyeshiba. Mbege, pombe yenu ya ndizi, siku hiyo ibaki Rombo.

Na lile pilau la Krismasi. Nimelisoma mara mbili na kila mara namwona jirani yako kuwa mtu mwenye adabu kubwa. Kuna mambo matatu angeweza kufanya. Angeweza kulikataa mlangoni, akakuaibisha mbele ya mwanao. Angeweza kuwamwagia kuku. Yeye alilipokea kwa dua, kisha akatafuta mtu ambaye lingeshuka kooni mwake bila wasiwasi, akampelekea na kachumbari yake, na sahani ikarudi na visheti. Kama unataka kujua hasa ni nini kilimzuia, muulize mkiwa wawili, kwa upole: "Mama fulani, nikipika mimi, mnakula nini?" Pengine atakuambia kuku akichinjwa na mwanawe atakula, au samaki, maana samaki hana mchinjaji. Wengine watakuambia wao hawana neno kabisa, wanakula chochote chako kisicho nguruwe. Waislamu wa mtaa mmoja si lazima wawe na jibu moja, kama ambavyo Wakatoliki wa Rombo hawana jibu moja kuhusu kunywa mbege wakati wa Kwaresima.

Kuna neno moja kwenye barua yako umelitupia mwishoni kana kwamba halina uzito: sipendi kudaiwa. Mwanangu, hapo ndipo nina shaka na wewe kidogo. Hela yako ya kikundi inafika kwa wakati, kila mara, na inaletwa na dada wa kazi. Kwenye daftari huna deni. Lakini niambie, katika misiba iliyopita mtaani hapo, ulilala kwa nani? Uliosha vyombo vya nani? Nakuelewa, una kazi, na bosi hatoi ruhusa kwa kila turubai linalofungwa. Hakuna aliyekutarajia uwepo siku nzima. Lakini jioni ukishashuka kwenye daladala unaweza kupitia, ukavua viatu, ukakaa jamvini, hata kama ni kidogo. Kwenye hitima jitande kanga kichwani ukae na wanawake wenzako. Wakisoma nyamaza kama wale wanaume walivyonyamaza padri wenu aliposoma. Hakuna atakayekuuliza umeitikia au hukuitikia. Jumamosi nenda mapema uchague mchele.

Ukifanya karamu sasa ili ulipe kila kitu mara moja na uwe huru, wataipokea vizuri na wataelewa pia kwamba umefunga hesabu. Majirani wa namna hii hawafungi hesabu. Wanakudai kidogo, unawadai kidogo, na ndiyo maana mtu anaweza kuingia jikoni kwako alfajiri bila kubisha hodi. Mama wa nazi akifiwa kesho, usitume bahasha kwanza. Nenda wewe, bahasha itafuata.

Kuhusu siku: msiweke Ijumaa mchana, na kama Ramadhani iko karibu, ama muwahi au mngoje ipite. Jumapili baada ya misa inafaa, wafanyakazi wote mko nyumbani. Shemeji yako asijisikie ametengwa, mpeni kazi ya mchele. Akitoka Dar anunue njiani mchele mpya, gunia zima, asitubebee ule wa mifuko ya rangi kutoka supamaketi. Na mzee wa Kizigua mwekeeni sahani yake mapema, la sivyo atajilaza tena mlangoni.